UZI: Neno "run" si kukimbia peke yake. Tulijadili kwa kina, na tuone namna ya kulifundisha

Mwanzisha uzi (mwalimu wa sekondari, Uyole, Mbeya)

Wanajamvi, salaam kutoka Uyole. Nafungua uzi huu kwa ajili ya walimu wenzangu wa Kiingereza, wazazi wenye watoto walioingia kidato cha kwanza, na yeyote ambaye kazi yake inamlazimu kusoma maelekezo na nyaraka za Kiingereza. Naomba tulizungumze neno moja tu, "run", ambalo karibu kila mtoto anayemaliza shule ya msingi anajua kwamba ni kukimbia, na ambalo kwa sababu hiyohiyo huwakwamisha wengi wanapofika sekondari na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza.

Mwanafunzi aliyekariri kwamba "run" ni kukimbia hufungua kitabu cha jiografia akasoma kwamba reli ya TAZARA "runs from Dar es Salaam to Kapiri Mposhi". Reli haikimbii. Imelala palepale ilipotandikwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kinachokwenda juu yake ni treni. Akifungua kitabu cha biashara anamkuta mama ambaye "runs a shop", naye anajiuliza kwa nini mama huyo alikimbie duka lake mwenyewe. Kwenye baiolojia pua "runs", kwenye uraia mtu "runs for president", na kwenye somo la kompyuta anaambiwa "run the program". Mtoto huyu hana uvivu wowote. Amepewa ufunguo mmoja na kuambiwa kwamba unafungua milango yote.

Tujue kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 likiwa na juzuu 20, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", lenye maana zipatazo 430. Wakati wa kuandaa toleo la tatu, kitenzi "run" kiliangukia mikononi mwa mhariri Peter Gilliver, ambaye alikifanyia kazi kwa zaidi ya miezi tisa, na ilipofika mwaka 2011 ikafahamika kwamba kitenzi hicho peke yake, ukiacha matumizi yake kama nomino, kina maana 645.

Neno hili ni la kale sana. Kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066 lilikuwa na maumbo kama "rinnan" na "irnan", na Waskandinavia waliohamia kisiwa hicho walikuja na lao lililofanana nalo. Tangu enzi hizo lilisemwa juu ya mtu au mnyama anayekwenda mbio, na pia lilisemwa juu ya maji yanayotiririka. Hili ni jambo la msingi ambalo vitabu vyetu vya kiada havilielezi. Pua ya mtoto mwenye mafua "inaporun", Mwingereza hawazi miguu, anawaza maji. Baadaye, viwanda vilipoenea katika karne ya 18 na ya 19, neno likahamia kwenye mashine na treni, na kutoka hapo halikupata shida kuingia kwenye biashara, ofisi na hatimaye kompyuta.

Pendekezo langu ni hili. Tuache kumfundisha mtoto kwamba kiini cha "run" ni kukimbia, badala yake tumwambie kwamba kiini chake ni kwenda, na kwamba kukimbia ni namna moja tu ya kwenda. Kiswahili chetu kinalisaidia sana jambo hili, maana kutoka mzizi wa "enda" tunapata "endesha" na "endelea", na maneno hayo matatu yanabeba sehemu kubwa sana ya kazi za "run". Maji yanakwenda, saa inakwenda, treni inakwenda. Dereva anaendesha gari, mama anaendesha duka, mtaalamu anaendesha programu. Mkataba unaendelea hadi mwisho wa mwaka.

Tofauti iliyopo ni ya kisarufi, nami naiona kuwa ndiyo mzizi wa tatizo lote. Sisi tukitaka kuonyesha kwamba mtu anakifanya kitu kiende, tunabadilisha kitenzi kwa kauli ya kutendesha: enda, endesha, kimbia, kimbiza, washa kutoka kwenye waka. Kiingereza hakifanyi hivyo kwa "run". Umbo ni lilelile kwa kinachokwenda na kwa anayekiendesha, na kinachokuambia tofauti ni kuwapo au kutokuwapo kwa shamirisho, yaani kile kinachotendewa, baada ya kitenzi. "The machine runs" ni mashine inafanya kazi. "She runs the machine" ni yeye ndiye anayeiendesha.

Mfano ulio karibu nasi ni bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, ambalo linapita katika mikoa yetu likitoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, umbali wa kilomita 1,710. Katika aya moja Mwingereza anaweza kuandika kwamba bomba "runs", mafuta "run" ndani yake, na kampuni "runs" hilo bomba. Mswahili ataandika kwamba bomba linapita, mafuta yanatiririka na kampuni inaliendesha. Mwanafunzi akielewa aya hiyo moja, ameelewa zaidi ya nusu ya neno.

Naomba kuwasilisha. Karibuni kwa nyongeza na kwa kupinga.

Fundi magari, Mwanjelwa

Mkuu, huu uzi ulikuwa unatakiwa siku nyingi. Sisi tuliojifunza ufundi gereji kwa kuangalia mikono ya wakubwa, Kiingereza tunakutana nacho kwenye vitabu vya gari na kwenye simu tunapotafuta maelezo ya tatizo. Neno hili limejaa humo kila ukurasa. Injini "runs on diesel", maana yake inatumia dizeli. Injini "runs hot", yaani inachemsha. Injini "runs rough", na hapa sisi tunasema inamisi au haitulii ikiwa silensa, yaani ikiwaka bila kukanyagiwa mafuta. Injini iliyotoka kufanyiwa ovahoo inatakiwa "to be run in", yaani uizoeshe taratibu bila kuibebesha mzigo mkubwa wala kuikanyagia mafuta, mpaka pistoni na ringi zikae sawa na silinda. Kijana anayesoma neno hilo akadhani ameambiwa aikimbize, atapanda nayo mlima Nyoka siku ileile na kuirudisha gereji.

Kuna moja ambalo naomba vijana walielewe vizuri kwa sababu ni la hatari, nalo ni "runaway" kwenye injini ya dizeli. Tabo ("turbo", kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) ikichoka ikaanza kuvujisha oili kwenye njia ya hewa, injini inaichoma ile oili kama mafuta, inapandisha mzunguko yenyewe, na ukizima swichi haisikii, kwa kuwa swichi imekata dizeli tu wakati inachokula sasa ni oili. Kama haikusimamishwa itapasuka. Dawa yake ni kuziba njia ya hewa kwa kitu kigumu, kamwe usiweke kiganja cha mkono. Hapo neno linamaanisha kukimbia kwa maana ya kuponyoka, jinsi ng'ombe anavyokata kamba.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, fundi. Umenisaidia pia kuonyesha kwamba maana ya kukimbia haikufa, ila inajitokeza pale ambapo mwendo umetoka mikononi mwa mwenye nao. Mtoto "anayerun away" ametoroka nyumbani. Farasi na injini nao hutoroka.

Muuguzi, Iringa mjini

Mwalimu, hospitalini neno hili tunaliandika kila zamu, na tusipoelewana mgonjwa ndiye anayeumia. Wagonjwa wetu wanaojua Kiingereza kidogo hutuambia wana "running nose" au "running stomach". Hilo la pili ni Kiingereza cha huku Afrika, na nadhani limeshika mizizi hapa kwetu kwa sababu Kiswahili chenyewe kinasema tumbo linaendesha. Kwa hiyo hoja yako ya "enda" na "endesha" inaonekana hata wodini.

Daktari akiandika kwamba mgonjwa "is running a temperature", anasema ana homa. Akisema "run some tests", anataka vipimo vifanyike. Shinikizo la damu au kisukari "kinachorun in the family" ni ugonjwa ulioko kwenye ukoo, na hilo tunamweleza mgonjwa kwa maneno hayohayo: je, kwenu kuna mtu mwingine mwenye tatizo hili, baba, mama, shangazi?

Lakini lenye uzito kuliko yote ni lile la dripu. Maelekezo yanaweza kusomeka "run one litre over eight hours". Mwanafunzi wa uuguzi aliyezoea kwamba neno hili linaashiria haraka anaweza kufungua dripu iende kasi, na maji mengi yakiingia haraka kwa mzee mwenye moyo dhaifu au kwa mtoto mdogo yanaweza kumuua. Maana yake ni kwamba lita moja ipite polepole kwa muda wa saa nane. Ukitumia mrija unaotoa matone 20 kwa kila mililita, unapaswa kuhesabu matone takribani 42 kwa dakika, ukiwa umesimama pale na saa yako mkononi. Humo hamna kukimbia hata kidogo. Kuna kwenda, na mwendo wake umepangwa.

Mchangiaji, Makambako

Nimefuatilia mjadala kwa heshima, lakini mimi nina mtazamo tofauti. Kama kitenzi kimoja cha Kiingereza kina maana 645, je, hiyo si dalili ya wazi kwamba lugha hiyo ni tajiri kuliko yetu, na kwamba watoto wetu wanaanza safari wakiwa na lugha isiyoweza kubeba mambo hayo? Nauliza kwa nia njema, kwa sababu nimesikia watu wenye elimu kubwa wakisema hivyo.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Makambako, swali lako ni zuri na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu imani hiyo imeenea na mimi naiona kuwa ina madhara kwa watoto.

Kwanza, hesabu ya maana 645 ni hesabu ya kamusi ya kihistoria. Kamusi ile hukusanya matumizi ya karne zote, yakiwamo yaliyokwisha kufa, na hukusanya ya mabaharia, wachimba madini, wachapaji, wachezaji wa kriketi na mafundi wa kila aina. Hakuna Mwingereza anayetembea na maana zote hizo kichwani. Vilevile wahariri wa kamusi hugawa maana kwa wembamba sana, hivi kwamba mto "kurun" na bomba la jikoni "kurun" huweza kuhesabiwa mbalimbali.

Pili, wingi wa maana katika neno moja si kipimo cha utajiri wa lugha. Tuangalie upande wa pili. Kitambaa ambacho rangi yake "inarun" sisi tunasema kinachuja, na mama yeyote anayenunua kitenge sokoni atauliza kama kinachuja au hakichuji. Damu inachuruzika. Mto unatiririka. Barabara inapita. Mgombea anagombea. Fedha zinaisha na mwenye fedha anaishiwa. Madeni yanalimbikizwa. Habari inachapishwa gazetini. Mahali ambapo Kiingereza kimetumia kitenzi kimoja na kumwachia msomaji kazi ya kubaini kutokana na muktadha, Kiswahili kimetoa kitenzi mahususi kwa kila jambo. Kijana wa London anayejifunza Kiswahili naye atalalamika kwamba alikuwa na neno moja, sasa amepewa kumi.

Tatu, sisi pia tunayo maneno ya aina hiyo, ila tumeyazoea hata hatuyaoni. Chukua kitenzi "piga". Tunapiga simu, pasi, mswaki, deki, picha, kura, magoti, hodi, chafya, mbizi, hatua, kelele, rangi na chenga, na katika hayo yote hakuna aliyeumizwa. Mgeni aliyefundishwa kwamba "piga" ni kumwadhibu mtu atashtuka akisikia bibi anapiga magoti kanisani. Chukua "kata" pia: tunakata tiketi, rufaa, shauri, tamaa, kiu na kona. Mtoto wetu aliweza kuyamudu yote hayo akiwa hajafika darasa la kwanza, bila orodha, kwa kuyasikia katika sentensi. Hiyo inathibitisha kwamba akili yake inaweza kabisa kulimudu neno lenye maana nyingi, mradi alipate kama alivyolipata "piga", yaani pamoja na jirani zake.

Mkulima wa mpunga, Mbarali

Mimi ni mkulima, na Kiingereza changu ni cha kuokoteza kwenye semina na kwenye vipeperushi. Sisi wa bonde la Usangu tumesoma taarifa nyingi kuhusu Mto Ruaha Mkuu, na mara zote kuna maneno "run dry". Mto huu unakusanya maji kutoka safu za Uporoto na Kipengere, unashuka Usangu, unapita kwenye ardhioevu ya Ihefu, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha unaelekea Mtera. Tangu mwaka 1993 sehemu ya mto iliyo ndani ya hifadhi imekuwa ikikauka wakati wa kiangazi. Sasa naomba mwalimu anieleze: kama "run" ni kwenda, mto uliokauka unakwenda vipi? Si ndiyo umesimama?

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, swali hili ni gumu kuliko unavyodhani, na nimefurahi limeulizwa na mtu anayeujua mto wenyewe. Hapa "run" imepiga hatua moja zaidi. Kutoka kwenye maana ya kwenda, neno lilichukua maana ya kuingia katika hali fulani, kufikia mahali fulani pa mwisho. Mto umekwenda ukakwenda, ukaishia kwenye ukavu. Ndivyo ilivyo kwa "run short", kupungukiwa, "run low", kukaribia kuisha, na "run wild", kukua au kuishi bila mwenye kuzuia. Kiswahili hakihitaji hatua hiyo. Tunasema mto umekauka, na kitenzi kimoja kinatosha. Kwa hiyo ukiona baada ya "run" kuna neno linaloeleza hali, kama ukavu, upungufu au uchache, tafsiri hiyo hali, na "run" yenyewe iache iyeyuke humo.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mafinga

Shikamoo mwalimu, na shikamooni wote mliochangia. Nimesoma uzi wote. Tatizo langu ni kwamba kwenye mtihani hatuulizwi kuhusu mto wala bomba. Tunaulizwa "run out of", "run into", "run over" na mengineyo, na mwalimu wetu ametuandikia orodha ndefu ya kukariri. Je, kuna njia nyingine? Pia nachanganyikiwa lini niandike "ran" na lini niandike "run" kwa jambo lililopita.

Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu. Nianze na la pili kwa kuwa ni fupi. "Ran" husimama peke yake kwa wakati uliopita: Filbert Bayi "ran" mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akaweka rekodi ya dunia. Ukitanguliwa na "has", "have" au "had", umbo linarudi kuwa "run": "he has run". Wanaoandika "has ran" ni wengi, na watahini hukata alama hapo.

Kuhusu orodha, sikukatazi kuikariri kama mwalimu wako ameitoa, lakini jaribu kwanza kukisoma kile kineno kidogo kinachofuata, maana mara nyingi ndicho chenye habari. "Out" ni nje: kitu kimetoka chote, kimeisha, ndiyo maana mtu "aliyerun out of" sukari ameishiwa sukari. "Into" ni kuingia ndani ya kitu: ukiwa unakwenda zako ukajikuta umeingia kwa mtu bila kupanga, umekutana naye kwa bahati, na gari likiingia kwenye mti, limeugonga. "Over" ni juu: gari limepita juu ya mbwa, limemkanyaga, na maji yakipita juu ya ukingo wa ndoo yamefurika. "Down" ni chini: betri imeshuka, imeisha chaji, au nyumba imeshuka hadhi, imechakaa. "Up" ni juu kwa maana ya kupanda: deni limepanda, umelilimbikiza. "Through" ni kupenya toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kupitia somo haraka kabla ya mtihani ni "run through". Yapo yasiyotii utaratibu huu, nayo ndiyo ya kukariri. Utakuta ni machache, si ukurasa mzima.

Zoezi ninalowapa wanafunzi wangu ni hili: wanachukua gazeti la Kiingereza, wanapigia mstari kila "run" wanayoiona, kisha kwa kila moja wanaandika kitenzi cha Kiswahili kinachoifaa bila kuruhusiwa kutumia "kimbia" isipokuwa mhusika ana miguu na anaitumia.

Mwalimu mstaafu, Tukuyu

Nimeona niongeze la siasa, kwa kuwa mwanzisha uzi aligusia kwa kupita. Kuna tofauti kati ya Waingereza na Wamarekani ambayo ni vyema wanafunzi wakaijua. Mwingereza anayegombea ubunge kwa desturi "stands for Parliament", yaani anasimama, ilhali Mmarekani "runs for office". Vitabu vyetu vya zamani vilivyochapishwa Uingereza vilikuwa na ule usemi wa kusimama. Siku hizi, kwa nguvu ya vyombo vya habari vya Marekani, wa kukimbia ndio unaosikika zaidi. Sisi kwa bahati nzuri tuna "gombea" na "wania", ambavyo vinasema wazi kwamba kuna kitu kimoja na wanaokitaka ni wengi.

Halafu kuna "running mate". Asili yake ni mbio za farasi, ambako farasi mmoja aliwekwa akimbie sambamba na mwingine ili kumwekea mwendo. Wamarekani wakalichukua kwa yule anayegombea umakamu wa rais. Sisi tumekuwa na utaratibu huo tangu uchaguzi wa mwaka 1995, na neno lililochaguliwa, "mgombea mwenza", nalihesabu kuwa miongoni mwa tafsiri bora kabisa tulizonazo katika lugha ya siasa. Aliyelitunga hakutafsiri farasi. Alitazama kazi ya mhusika, akaona kwamba ni mgombea na ana mwenzake.

Afisa ardhi, Njombe

Kwa upande wa nyaraka za ardhi, neno hili humaanisha muda. Hati za kumiliki ardhi hutolewa kwa vipindi kama miaka 33, 66 au 99, na katika maandishi ya Kiingereza kipindi hicho "runs from" tarehe fulani, maana yake kinaanza kuhesabiwa tarehe hiyo. Wananchi wengi husaini bila kuangalia tarehe hiyo, wakadhani miaka inahesabiwa tangu siku waliyokabidhiwa hati. Wanasheria wana usemi mwingine pia, kwamba sharti fulani "runs with the land". Maana yake ni kwamba sharti hilo linaifuata ardhi yenyewe, na yeyote atakayenunua kiwanja atabanwa nalo, hata kama si yeye aliyekubaliana nalo mwanzoni. Ukinunua kiwanja, uliza masharti ya aina hiyo kabla ya kulipa.

Mkulima wa mpunga, Mbarali

Mwalimu, ahsante kwa jibu la awali. Nina la mwisho. Pampu yangu ya kumwagilia imebandikwa karatasi yenye maandishi mekundu "DO NOT RUN DRY". Kwa maelezo yako nilitafsiri kwamba pampu isikauke. Kijana wangu anasema sivyo.

Mwanzisha uzi

Kijana wako yuko sahihi, na hapa ndipo kauli ya kutendesha inapofanya kazi. Mto ukikauka unakauka wenyewe, lakini karatasi ile inakuamuru wewe. Shamirisho limefichwa kwa sababu pampu iko mbele yako, ila sentensi kamili ingekuwa "do not run the pump dry". Yaani: usiiendeshe pampu bila maji ndani yake. Fundi wa Mwanjelwa anaweza kutuambia sababu yake.

Fundi magari, Mwanjelwa

Sababu ni sili. Ndani ya pampu kuna sili inayozuia maji yasivuje kwenye shafti, na inapoozwa na maji hayohayo yanayopita. Pampu ikizunguka tupu, sili inapata moto na kuungua ndani ya muda mfupi, na baada ya hapo itavuja na haitavuta tena. Mzee, kabla hujawasha, fungua kifuniko cha juu cha pampu, jaza maji mpaka yafurike, funga kifuniko vizuri, hakikisha chujio la mpira wa kuvutia limezama lote mtoni, ndipo uwashe. Na ukiona mto umeshuka hadi chujio linavuta hewa, zima mara moja.